Mdudu wa taa hapa Amani: nitajuaje kama ni spishi mpya?

MjukuuWaIliki: Wakuu, nipo Amani, Usambara Mashariki, kwenye iliki za bibi. Usiku nikiwasha taa barazani anatua mdudu wa kijani, hafiki sentimita moja, mbawa kazilaza kama paa la nyumba. Ukimgusa anaruka, humwoni tena. Tunutu wake wako chini ya majani, wana nyuzi nyeupe za nta mkiani. Nimetafuta picha mtandaoni hadi bando limeisha, hakuna anayefanana naye. Nataka apewe jina la bibi. Naanzia wapi?

Kibwebwe: Anzia duka la dawa, kabla hajamaliza utomvu wa iliki zenu 😂

FundiVielelezo: Kibwebwe, tulia. Mdogo wangu, tazama papasi kwanza, zile pembe nyembamba za kichwani. Zikiota chini ya macho, shavuni, uko kwenye Fulgoroidea, kundi kubwa la wadudu warukaji wanaofyonza utomvu. Muundi wa mguu wa nyuma ukiwa na safu za miiba mingi myembamba, huyo ni Cicadellidae, familia nyingine ya wafyonza utomvu, nje ya kundi hilo. Kwa nta hiyo na hizo mbawa, mimi nahisi Flatidae, familia mojawapo ya Fulgoroidea.

Rangi isikudanganye. Kijani hicho akikauka hugeuka njano. Wanaofanana kwa nje tunawatenganisha kwa viungo vya uzazi vya dume: unakata ncha ya tumbo, unaichemsha kwenye potasiamu haidroksaidi hadi nyama iyeyuke, unaitia kwenye gliserini, unaichora ukiwa kwenye hadubini. Ukiwa na majike matupu, pole.

Halafu ndipo kazi yenyewe inapoanza. Wengi wa Afrika walishapewa majina karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, na vielelezo vyao, yaani wadudu wenyewe waliohifadhiwa, viko kwenye makumbusho ya London, Berlin, Paris na Tervuren (Ubelgiji). Bila kulinganisha navyo, wako ni "mpya" kwako tu. Mfano, mdudu aitwaye Phlogis kibalensis alikamatwa Kibale, Uganda, 2018, akatangazwa 2022. Jenasi yake, yaani kundi la spishi za karibu naye, ilikuwa haijaonekana tangu 1969. Huyo ni Cicadellidae, ila njia ni hiyo hiyo.

Jina la bibi linawezekana, lakini lazima uteue kielelezo kimoja cha kubeba jina na useme kitahifadhiwa wapi. Mtungi wa jikoni haukubaliki.

DadaWaMisitu: Barazani kwenu sawa. Ila usiingie na wavu kwenye hifadhi ya Amani bila kibali, na usitume vielelezo nje kienyeji. Utafiti unapitia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Tafuta mtaalamu wa kundi hilo, muandike pamoja.

MjukuuWaIliki: Ahsanteni. Kumbe! Mimi nilidhani picha nzuri na jina la Kilatini vinatosha. Ninao kadhaa kwenye spiriti ya dukani, wataharibika?

FundiVielelezo: Ile ya bluu ya kuwashia jiko? Watoe leo. Tafuta ethanoli ya asilimia 95, DNA itahitajika. Ndani ya kila chupa weka karatasi: mahali, mwinuko, tarehe, mmea, aliyekamata. Andika kwa penseli, wino wa kalamu unayeyuka humo.