Paneli za kuonyeshea vigae vya michoro: MDF, plaiwudi au fremu ya chuma?

Mwanzisha mada:
Habari zenu, wanajukwaa. Ninachora kwenye vigae vya sentimita 15 kwa 15, na nahitaji paneli zinazosimama zenyewe, nitakazozipakia kwenye pikapu hadi viwanja vya maonyesho vya Sabasaba, Dar es Salaam, na kuzirudisha bila kigae kupasuka. Nichague ipi?

Seremala:
Ndugu, uzito kwanza, ubao baadaye. Vigae vya kauri vya unene wa milimita 8 huwa na takriban kilo 17 kwa mita ya mraba. Kwa hiyo paneli ya sentimita 90 kwa 180 itabeba kilo 27 za vigae peke yake, na ukiongeza plaiwudi ya milimita 12 unakaribia kilo 40. Mtu mmoja akiinyanyua itapinda tu, na ubao ukipinda vigae hubanduka. Afadhali paneli za sentimita 60 kwa 120, ambazo kila moja huchukua vigae 32 na haifiki kilo 20. MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, iache. Hupendeza ikipakwa rangi, lakini kingo zake zikinyonya maji huvimba na hazirudi tena, na unyevu wa pwani mnaujua.

Fundi wa kuchomelea:
Plaiwudi sawa, ila isisimame peke yake. Chomelea fremu ya bomba la mraba la inchi moja, miguu yake ikunjwe kwa bawaba, kisha paneli zitundikwe uwanjani. Miguuni weka mifuko ya mchanga, kwani upepo hausubiri wateja.

Seremala:
Hapo nakubali. Kwa kutundika, pasua kipande cha mbao kwa pembe ya digrii 45, nusu moja uifunge kwa skrubu mgongoni mwa paneli na nyingine kwenye fremu; paneli itajikalia kwa uzito wake yenyewe.

Mwanzisha mada:
Nimeelewa. Vigae nivibandike kwa simenti?

Fundi vigae:
Hapana. Simenti ikishakauka hainyumbuki, ilhali plaiwudi hutanuka na kusinyaa, achilia mbali mitikisiko ya barabarani. Futa vumbi mgongoni mwa kigae, weka matone ya silikoni katika pembe nne na moja katikati, kisha uilaze paneli hadi siku ya pili. Mapengo kati ya vigae usiyajaze: kigae kikipata ufa, utapitisha waya mwembamba nyuma yake, ukate silikoni na kubadilisha hicho kimoja tu.

Mwanzisha mada:
Basi ni plaiwudi ndogo juu ya fremu ya chuma. Naanza na paneli tatu.