Nani alimuua Roger Ackroyd? Kitabu changu hakina mwisho

Msomaji wa Tanga
Wakuu, nimenunua The Murder of Roger Ackroyd cha Agatha Christie (1926) kwa muuza vitabu vya mitumba. Nafika pale Ursula, mtumishi wa nyumbani kwa Ackroyd, anapoeleza ndoa yake ya siri na Ralph Paton, mtoto wa kambo wa Ackroyd, nafunua, nakutana na jalada. Kurasa zilizobaki zimenyofolewa! Naomba msimtaje muuaji, nisaidieni kufikiri tu.

Nimeiandika ratiba ya usiku wa mauaji nyuma ya daftari la mwanangu. Saa mbili na dakika arobaini Parker, mtumishi mkuu wa nyumba, anamletea Ackroyd barua. Saa tatu kasoro dakika kumi Dokta Sheppard, daktari wa kijiji, anaaga. Saa tatu na nusu Raymond, katibu wa Ackroyd, anasikia sauti ya bosi wake chumbani. Saa nne na robo daktari anapigiwa simu. Mimi namshuku Parker, maana ananyemelea milangoni, na zamani alimtishia bosi wake mmoja kwa siri zake ili apewe pesa.

Bibi Vitabu
Parker hapana, mwanangu. Nani aliyemwambia mpelelezi Poirot kwamba kiti cha chumba kile cha mauaji kilivutwa kutoka ukutani? Si Parker huyohuyo? Muuaji angenyamaza.

Kaka Mkubwa
Flora naye alidai alimuaga baba yake mkubwa, Ackroyd, saa nne kasorobo, kumbe alikuwa ametoka kuiba pauni 40 katika chumba cha kulala cha mzee. Futa uongo huo kwenye ratiba. Sasa nani alimwona mzee kwa macho, akiwa hai, baada ya daktari kuondoka? Raymond alisikia sauti tu. Na yasome tena maneno aliyoyasikia: mtu hasemi vile na mgeni aliyekaa mbele yake. Ile ni lugha ya barua.

Bibi Vitabu
Mimi naongeza moja, kisha nanyamaza. Kutoka mlangoni kwa Ackroyd hadi getini ni mwendo wa dakika tano.

Msomaji wa Tanga
Shikamoo Bibi. Nimerudia sura ya nne, mikono inatetemeka. Daktari anapita getini saa tatu kamili. Dakika kumi, usiku wa baridi! Tena anaandika mwenyewe kwamba alisita mlangoni, akageuka kutazama kama kuna jambo hakulifanya. Mwili ulipoonekana akamtuma Parker apige simu polisi, yeye akabaki peke yake chumbani, na mkoba wake anao. Kiti kilikuwa kinaficha kitu: ile mashine ya kunasa sauti ambayo wakala alikuja kumuuzia Ackroyd, na sauti aliyoisikia Raymond ilitoka humo. Na daktari ana karakana nyumbani, anapenda kuchokonoa mitambo.

Ni yeye anayenisimulia. Nilimwamini tangu ukurasa wa kwanza.

Sasa ninayemwonea uchungu ni dada yake, Caroline. Ataambiwa?

Bibi Vitabu
Marahaba. Nitumie jina la stendi, nakala yangu naipakia kwenye basi la asubuhi.