Kioo cha bafuni kisicho na fremu na bawaba za shaba, maji ya kisima yana chumvi: naombeni ushauri kabla sijalipa

BintiMjimwema

Habari zenu wakubwa na wadogo. Naomba mawazo ya wenye uzoefu, maana Jumamosi natakiwa kutoa malipo ya awali na roho haijatulia.

Nyumba iko Mjimwema, Kigamboni, dakika kumi kwa miguu hadi ufukweni. Maji ni ya kisima na yana chumvi. Birika la chai linajaa ukoko mweupe ndani ya wiki mbili. Bafu ninalolitengeneza ni la mama. Ana miaka 74, goti la kulia limechoka, na mwezi wa kumi anahama kutoka kwa kaka Tanga kuja kukaa na mimi. Pazia la plastiki silitaki tena. Mwaka juzi aliteleza, akalishika akidhani litamzuia, likang'oka na bomba lake. Hakuvunjika, namshukuru Mungu, lakini toka siku ile anaogea ndoo akiwa amekaa kwenye kigoda.

Kwa nini shaba: mama kazaliwa Mji Mkongwe, Unguja. Mlango wa nyumba ya babu ulikuwa na misumari mikubwa ya shaba, na Idi ikikaribia yeye na dada zake ndio walioisugua kwa ndimu na majivu. Nataka akiingia bafuni kwake akute rangi ile.

Sehemu ya kuogea iko kati ya kuta mbili, upana sentimita 132. Mpango ni mlango wa sentimita 70 na kioo kisichofunguka pembeni yake, urefu mita 2. Marumaru zimeshabandikwa. Nimepewa bei mbili. Duka moja Kariakoo wanatoa kioo cha milimita 8 na bawaba za rangi ya dhahabu. Fundi mwingine anatoa milimita 10 na bawaba anazoapa ni shaba tupu, ila kazidi kwa laki saba. Sina namna ya kujua kama shaba yake ni shaba kweli, na sijui kama hizo milimita 2 zina maana yoyote. Nisaidieni.

Mzee_wa_Site

Dada, ushauri wangu ni mfupi: weka fremu ya alumini. Mlango usio na fremu lazima utavujisha kidogo chini na pembeni, hata ufungwe na fundi bora namna gani, na sakafu iliyolowa nje ya bafu ni hatari kwa mzee mwenye goti. Ukishikilia msimamo wako, basi hakikisha shawa haitazamani na mlango, na kizingiti kielekee ndani ili maji yarudi.

FundiVioo_Temeke

Dada Mjimwema, shikamoo zangu kwa mama. Hii ndiyo kazi yangu, na nimeirudia nyumba nyingi za Kigamboni na Mbezi kurekebisha za wenzangu, kwa hiyo nitaandika kirefu.

Kwanza usilipie kioo. Nunua bawaba kwanza, zishike mkononi, ndipo kioo kipimwe. Sababu ni kwamba kioo cha bafuni lazima kiwe cha tempa, yaani kimepashwa moto zaidi ya nyuzi 600 kisha kikapulizwa upepo wa baridi ghafla. Ndiyo maana kikivunjika kinamwagika punje punje badala ya mapanga. Lakini kikishatoka tanuruni hakikatwi wala hakitobolewi, ukijaribu kinapasuka chote. Matundu ya bawaba yanatobolewa kabla, na kila bawaba ina umbo lake la tundu. Mtu akikuuzia kioo leo na kusema bawaba tutatafuta, kesho utakuwa unatafuta bawaba ya kulingana na tundu na siyo ya kubeba mlango. Kikifika, angalia kona moja, kuna muhuri mdogo uliochomwa kwenye kioo. Usipouona, usikipokee.

Unene: kioo cha milimita 1 kina kilo 2.5 kwa mita ya mraba. Mlango wako ni mita ya mraba 1.4. Wa milimita 8 ni kilo 28, wa milimita 10 ni kilo 35. Zote mbili zinafaa. Wa 10 unatulia mkononi, hautikisiki, lakini zile kilo 7 zinaning'inia kwenye bawaba mbili kila siku. Mimi ningekwambia chukua 8 na hela iliyobaki ipeleke kwenye bawaba. Unene wa kioo unaonekana na kila mgeni, ubora wa bawaba hauonekani na mtu, na ndiyo maana wauzaji wanapunja huko.

Kutambua shaba: sumaku haitakusaidia sana. Inakamata chuma tu. Bawaba nyingi za rangi ya dhahabu ni aloi ya zinki iliyopakwa, na zinki nayo haivutwi na sumaku. Mwombe afungue skrubu za bamba, utazame ndani ya tundu la skrubu ambako rangi haikufika. Shaba ni ya njano mpaka ndani, zinki ni ya kijivu. Na uzito: ukishika mbili za ukubwa mmoja, ya shaba inavuta mkono chini. Ya zinki, kwa chumvi ya kwenu, rangi inavimba malengelenge na chini yake inaliwa kama unga. Shaba nayo si kwamba haidhuriki. Ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na maji ya chumvi kwa miaka huinyonya ile zinki, kinachobaki ni cha rangi ya waridi na kinavunjika. Inachukua muda mrefu zaidi na inasaidika ikifutwa. Skrubu ziwe za chuma cha pua daraja la 316. Ile 304 pwani inatoa madoa ya kutu.

Sasa ukuta, na hapa ndipo moyo wangu unaniuma. Niliwahi kuitwa nyumba moja mlango umeshuka sentimita moja. Skrubu zilikuwa zimeshika marumaru na plasta tu, tofali lenyewe lilikuwa mchanga mtupu, plagi, kile kiplastiki cha kushikia skrubu ukutani, inazunguka. Kabla sijafika, mtoto alivuta mlango, kona ikagonga sakafu, kioo chote kikamwagika. Uso wa kioo cha tempa unavumilia kibao, lakini ukingo wake haupendi hata punje ya marumaru. Kwa hiyo chukua sarafu, gonga kila marumaru itakayobeba bawaba. Ikilia kama ngoma, kuna uwazi nyuma, itapasuka skrubu ikikazwa. Halafu teremsha timazi kwenye kuta zote mbili, juu mpaka chini, unipe tofauti.

Mengine kwa haraka. Drili iwe ya kichwa cha almasi, inamwagiwa maji, isigonge. Sakafu na kizingiti visitobolewe kabisa, mtatoboa kizuizi cha maji. Kati ya kioo na shaba lazima kuwe na mpira. Silikoni isiwe ile inayonuka siki, asidi yake inakula shaba. Ulizia isiyo na asidi, na mama asiogee humo mpaka saa 24 zipite. Mlango ufungukie nje. Mtu akianguka ndani akaegemea mlango unaofungukia ndani, mtamfikiaje?

Na mama asishike kioo wala mkono wa mlango kama tegemeo. Weka bomba la kushikia la chuma cha pua, lifungwe ukutani kwenye tofali zima, usawa wa kiuno chake. Hilo hata bajeti ikibana usilitoe.

MamaTwaha_Nyali

Dadangu, mimi niko Nyali, nina kioo cha namna hiyo mwaka wa nne sasa, nacho kisima chetu ni cha chumvi vilevile. Fundi hapo juu kanena kweli tupu, mimi naongezea la usafi kwa kuwa hilo ndilo lililonishinda mwanzo.

Miezi minane ya kwanza nilikiacha kikauke chenyewe. Yale matone yakaacha madoa meupe, nikasugua kwa siki, mengine yakatoka, mengine yalikuwa yameshakula kioo, hayatoki hata leo. Sasa nimetundika kile kipande cha mpira cha kufutia vioo vya gari, kwenye ndoano palepale bafuni. Kila anayeoga avute maji juu hadi chini, mara sita au saba, imekwisha. Na mtungi wa lita 20 wa maji ya mvua nauweka kando, nafutia bawaba kwa kitambaa kila Ijumaa. Siki napaka kwenye kioo pekee, shaba naifunika kwanza.

BintiMjimwema

Sina la kuwalipa. Nilikwenda kwa yule wa bei kubwa nikamwomba afungue bamba. Hakukataa, na ndani ni njano. Wa Kariakoo walikataa kufungua.

Nimegonga marumaru: upande wa dirishani zote zinalia imara. Upande wa chumbani mbili zinalia ngoma. Na timazi, upande wa chumbani ukuta umelala milimita 11 kutoka juu hadi chini. Upande wa dirishani milimita 2. Nilitaka mlango uwe upande wa chumbani kwa sababu swichi ya taa iko huko. Nimekwama.

FundiVioo_Temeke

Hujakwama, umejibiwa. Mlango uende dirishani. Ukifunga bawaba kwenye ukuta uliolala milimita 11, mlango hautatulia, utajifungua au kujifunga wenyewe maisha yake yote. Kile kisichofunguka kiende upande wa chumbani, na ukingo wake ukatwe kwa mshazari kufuata ukuta kabla hakijachomwa. Mpimaji apime upana sehemu tatu, chini, kati na juu, aandike zote. Zile marumaru mbili zibanduliwe zibandikwe upya kwanza. Na jaribu kufungua bomba la shawa ukiwa umesimama mlangoni: mkono ukifika bila kulowa, umepatia.

BintiMjimwema

Narudi na mrejesho, wiki ya saba. Tulichukua milimita 8. Kioo kilikuja na muhuri, vijana wawili walikibeba wakakisimamisha juu ya vipande vya mbao vilivyofunikwa zulia, hakikugusa sakafu hata mara moja. Kinavuja kidogo kwenye kona ya chini, Mzee wa Site alisema kweli, nimeweka mkeka wa mpira hapo. Mama kafika Jumapili. Kigoda kakitoa nje mwenyewe siku ya tatu.

Swali la mwisho, Fundi: jana nimemkuta kashika nusu ndimu na kijisahani cha majivu, anaanza bawaba ya chini. Nimwache?

FundiVioo_Temeke

Kama shaba haijapakwa vanishi, ndimu mwache, ila asuuze kwa maji yasiyo na chumvi na kukausha papo hapo, isichuruzike kwenye saruji ya marumaru. Majivu mwombe ayaache, yana punje za mchanga zitakwaruza kioo kando ya bawaba. Mpe chumvi ya mezani iliyosagwa laini? Hapana, chumvi tena hapana. Ndimu na kitambaa vinatosha.