Mrejesho: viza ya mdogo wangu aliyepunguzwa kazi Marekani

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kuhusu mdogo wangu, injinia yuko Texas kwa viza ya H-1B (ya kazi, inayotegemea mwajiri), kampuni ikampunguza na zile siku 60 za kisheria za kupata mwajiri mwingine, kubadili viza au kuondoka zikawa zinamkimbiza. Tumefuata ushauri wa kupata mwajiri mwingine ampelekee maombi ya H-1B uhamiaji kabla muda haujaisha na imekubali, maombi yakishapokelewa unaanza kazi bila kusubiri majibu, kwa hiyo sasa yuko kazini. Ule mpango mwingine wa kuhamia Kanada umegoma, vyeti tulivichukua kwa mama huko Igoma, Mwanza, tukaenda kuviskani Kirumba lakini pointi za Express Entry (mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi) hazikutosha, imeniuma. Ukikosa mwajiri huko Marekani omba kubadili kwenda B-2 (ya matembezi) ndani ya hizohizo siku 60, ila hairuhusu kufanya kazi. Mungu awabariki sana, mama naye anawashukuru.