Namna ya kutunga minyoo ya plastiki kwa uvuvi wa kando ya mikoko

Mvuvi wa Takwa:

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Shemeji yangu amerudi kutoka Marekani na kuniletea pakiti mbili za minyoo ya plastiki laini, kila mmoja urefu wake sentimita 18 na mkia uliojikunja kama mundu, pamoja na ndoana zilizopindwa shingoni na chubwi ndogo zenye umbo la risasi ya bunduki, zilizotobolewa katikati. Alinieleza kwamba huko hutumiwa kuvulia samaki wa maji baridi aitwaye bass, lakini yeye mwenyewe si mvuvi, kwa hivyo hakuweza kunionyesha namna ya kuvifunga.

Mimi huvua kwa fimbo nikiwa ndani ya kihori, katika mkono wa bahari unaoingia kisiwa cha Manda, Lamu, kuelekea magofu ya Takwa. Mara ya kwanza niliutunga mnyoo kama ninavyotunga kipande cha ngisi, nikaipitisha ndoana mara mbili tatu. Kila nilipovuta ukawa unazunguka kama pia, hata mshipi ukasokoteka usifae tena. Mara ya pili niliuchoma katikati ya mwili, ncha ikiwa nje, nikaurusha kwenye mizizi ya mikoko, na ndoana tatu zimebaki huko mpaka leo. Mara ya tatu nilihamia maji ya wazi, nikahisi kudonolewa mara moja tu, na nilipovuta nikakuta mkia haupo, mkato wake safi kama wa mkasi.

Naomba mnieleze ni mtindo upi unaofaa mahali pangu, au minyoo hii niwaachie wenye maziwa?

Mlamu wa Bara:

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Usiiache. Nilifanya kazi Naivasha kwa miaka kadhaa, na bass nimemvua kwa minyoo ya aina hiyo hiyo. Samaki huyo aliletwa katika ziwa lile kutoka Marekani mwaka 1929, na tabia yake si ngeni kwako: hujibanza kando ya kitu, akingoja windo lipite. Kule hujificha kwenye mafunjo na magogo yaliyozama. Kwako chewa hujificha kwenye mizizi. Nick Creme alianza kumimina minyoo ya plastiki mwaka 1949 mjini Akron, jimbo la Ohio, lakini mtindo unaokufaa wewe umechukua jina la Texas, ambako mabwawa mengi yamefunika miti, na mvuvi asiyeificha ncha ya ndoana hurudi nyumbani mikono mitupu.

Mtindo huo wa Texas hufungwa hivi. Pitisha mshipi kwanza ndani ya chubwi, upande uliochongoka ukitazama juu kwenye fimbo, kisha funga ndoana. Ingiza ncha katikati kabisa ya kichwa cha mnyoo, iende ndani kiasi cha nusu sentimita, itokeze ubavuni. Vuta ndoana mpaka ile shingo iliyopindwa iingie ndani ya kichwa, halafu izungushe ili ncha iutazame mwili. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu huchoma kwa kukisia. Uache mnyoo uning'inie wima pembeni mwa ndoana, utazame tumbo la ndoana linagusa wapi, uweke alama kwa ukucha, kisha upinde mwili kidogo na uchome palepale. Ukiuachia, mnyoo unyooke kama uzi wa timazi. Ukiona umejikunja au umevutika hata kidogo, toa uanze upya, kwa maana ule mzunguko wa pia uliousema chanzo chake ni hicho, wala si kosa la mshipi wako. Mwisho, ncha ibaki chini kidogo tu ya ngozi ya mnyoo. Ukipitisha kidole juu yake uihisi lakini isikuchome.

Kwa mnyoo wa sentimita 18, ndoana ya namba 3/0 inatosha, na chubwi ya gramu 7 ndiyo niliyoitumia zaidi ziwani. Samaki akigusa, usinyanyue fimbo papo hapo. Ishushe, kusanya uzi uliolegea, ndipo uvute kwa nguvu, kwa kuwa ncha lazima ipenye plastiki kabla ya kupenya mdomo.

Nahodha wa Malindi:

Maelezo ya ndugu yangu wa bara ni sahihi kuhusu ufungaji, lakini naomba nimpinge katika mambo mawili, kwa sababu ziwa halina kupwa wala kujaa.

La kwanza ni uzito. Gramu 7 katika mkondo wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, hazifiki chini. Mnyoo utaelea katikati ya maji kama jani, na chewa hatatoka shimoni kuufuata. Ama uvue siku za maji mafu, mkondo unapokuwa dhaifu, ama uongeze chubwi mpaka gramu 14 au 20, ukipima kwa mkono: ukihisi inagonga chini na kuburutika polepole, inatosha. Wakati mzuri ni maji yanapoanza kupwa, samaki wadogo na kamba wanapolazimika kutoka ndani ya mikoko, na wakubwa wanawasubiri kwenye midomo ya vijito.

La pili ni urefu. Bass hufungua kinywa na kuvuta maji pamoja na chambo, kwa hivyo mkia mrefu haumsumbui. Aliyekukatia mkia wako, ndugu wa Takwa, nadhani ni bunju, yule samaki anayejivimbisha, na mkato safi wa namna ile ndio alama ya meno yake. Mnyoo wa sentimita 18 kwake ni karamu isiyo na gharama. Ukate upande wa kichwani, ubaki na sentimita 9 hivi pamoja na mkia, na utumie ndoana fupi zaidi. Kwenye mchanga wa wazi usihangaike na Texas hata kidogo; tumia ndoana yenye kichwa cha madini ya risasi kilichoyeyushiwa shingoni, ncha ikiwa nje, uidundishe chini, na kolekole wadogo watakujibu. Ule mtindo wa kuchoma katikati ni wa maji yaliyotulia yasiyo na vizuizi. Mimi sijawahi kuupatia kazi baharini.

Tena ndoana nyingi za maji baridi hazikutengenezwa kwa chumvi. Zisuuze kwa maji ya kisima siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Binti Pwani:

Naongeza dogo. Usichanganye minyoo ya kampuni mbalimbali katika kopo moja, kwani baadhi ya plastiki hizi huyeyushana zikigusana. Mimi nilifungua kopo nikakuta uji wa rangi tatu. Na mabaki yaliyokatika tafadhali rudini nayo nchi kavu, maana kasa hula vitu vya namna hiyo.

Mvuvi wa Takwa:

Ahsanteni sana. Nilingoja maji mafu, nikakata minyoo minne, nikaifunga kwa Texas kama nilivyoelekezwa, ile alama ya ukucha ikiwa ndiyo iliyoniokoa. Mshipi haukusokoteka tena. Nilirusha ndani kabisa ya mizizi asubuhi nzima na nikapoteza ndoana moja tu, nikarudi na chewa wawili wa kutosha kitoweo. Tatizo lililobaki ni kwamba baada ya kurusha mara tano sita, kichwa cha mnyoo huteleza na kujikusanya kwenye pindo la ndoana.

Mlamu wa Bara:

Hongera. Chukua kipande cha mshipi mnene wa nailoni, ukipitishe kichwani mwa mnyoo kikatize ndani ya tundu la ndoana, kisha ukate pande zote mbili sawasawa na ngozi. Kijiti cha meno pia hufaa, ila huvunjika samaki akivuta. Na kwa kuwa umeikata, kichwa chake sasa ni ile sehemu nene ya katikati, kwa hivyo hakikisha umekata wima, si mshazari, la sivyo ule mzunguko wa pia utarudi.