Jezi mpya ya damu ya mzee na boksi jeupe la mdhamini: ninunue sasa au nisubiri?

Beki Tatu

Wakuu, jezi ya msimu mpya imeshatambulishwa. Rangi ni ile ile yetu, damu ya mzee, shingo ya duara, mistari myembamba mabegani. Hapo sina ugomvi na mtu. Tatizo lipo kifuani. Mdhamini mpya ni kampuni ya kubeti, na jina lake limewekwa ndani ya boksi jeupe lililotanda kifua kizima kama bango la kampeni.

Naomba majibu ya wanaojua kitu, matani tuwaachie watani. Lile boksi litadumu, au litaanza kubanduka kabla ya mzunguko wa pili? Toleo la mchezaji lina faida gani kwa mtu anayekwenda kukaa jukwaani? Nitajuaje kama ninayouziwa ni orijino? Na kuna maana yoyote kusubiri, kwa tetesi kwamba mashabiki wakikomaa klabu inaweza kubadilisha nembo ya mdhamini?

Fundi Chapa

Suala la boksi halijibiwi kwa picha ya mtandaoni. Ishike jezi, ipindue nje ndani, kisha pitisha kidole juu ya nembo. Unatafuta jambo moja tu: nembo ni sehemu ya kitambaa, au imelazwa juu yake?

Kama kidole hakisikii chochote, rangi imepikwa ndani ya uzi. Picha huchapwa kwenye karatasi, karatasi hubanwa juu ya kitambaa cha polista kwa joto la nyuzi 200 hivi, rangi inageuka mvuke na kuingia kwenye uzi wenyewe. Hiyo haibanduki wala haipasuki mpaka jezi ichanike. Ila kwa njia hii hakuna wino mweupe. Nyeupe unayoiona ni kitambaa chenyewe kilichoachwa bila kuchapwa. Kwa hiyo jezi ya namna hiyo huanza maisha ikiwa kitambaa cheupe, na ukiipindua utakuta ndani kumefifia au ni kweupe kabisa.

Ndani kukiwa damu ya mzee sawasawa na nje, basi kitambaa kilitiwa rangi kizima kiwandani na boksi limebandikwa baadaye. Mara nyingi ni filamu laini ya poliyurethani, yaani utando mwembamba wa plastiki, hubanwa kwa mashine ya joto kwenye nyuzi 130 hadi 160 kwa sekunde 10 hadi 20 kutegemea filamu, gundi yake inayeyuka na kung'ang'ania nyuzi. Wengine hutumia silikoni iliyoinuka kidogo. Hiyo inavutika vizuri zaidi na haipasuki upesi, lakini ikishaanza kung'oka ukingoni hairudi.

Sasa, adui mkubwa wa nyeupe juu ya damu ya mzee ni rangi ya jezi yenyewe. Rangi za polista zikipata joto kali hugeuka mvuke, na familia ya nyekundu ndiyo inayoongoza kwa tabia hiyo. Mvuke unapanda, unaingia kwenye filamu, na boksi jeupe linakuwa la waridi. Wakati mwingine halionekani siku ya kubandika. Linajitokeza baada ya siku kadhaa, au jezi ikiachwa ndani ya gari lililofungwa juani. Kiwanda makini huweka filamu yenye tabaka la kuzuia, mara nyingi la kijivu au jeusi upande wa chini, na hubandika kwa joto dogo. Angalia ukingo wa boksi kwa pembeni: ukiona ufito mwembamba wa kijivu chini ya nyeupe, usiuchukie. Hiyo ndiyo kinga yako.

Kingine ni pembe. Kitambaa cha jezi kinavutika kuliko filamu, kwa hiyo kila unapoivaa na kuivua, mkazo wote unakwenda kwenye kona za boksi. Kona kali huanza kunyanyuka mapema. Za mviringo hudumu zaidi. Na boksi zima lisilo na vitundu halipitishi hewa, maana yake jasho linakusanyika nyuma yake. Kama limetobolewa vitundu vidogo vidogo, mtengenezaji kafikiria. Kama ni karatasi moja nzima, kifua kitakuwa kinabana na kulowa hata ukiwa umekaa tu unashangilia.

Winga Teleza

Nachukua maswali ya toleo na feki.

Toleo la mchezaji limekatwa kwa ajili ya mwili unaokimbia dakika 90. Kitambaa ni chepesi, kina sehemu za matundu mgongoni na ubavuni, na beji ya klabu hubandikwa kwa joto badala ya kudariziwa ili isikwaruze kifua na isiongeze uzito. Kipimo chake kinabana, na wengi hulazimika kupanda saizi moja. Toleo la shabiki ni pana tumboni, kitambaa kizito kidogo, beji kwa kawaida imedariziwa. Kwa kukaa jukwaani na kufua mara kwa mara, la shabiki ndilo linalodumu. Ukiona mtu anasema la mchezaji ni "imara zaidi" kwa sababu ni ghali, anakudanganya. Wepesi wake ndio udhaifu wake, linanasa kwenye kitu chochote chenye ncha na kuvuta uzi.

Saizi usiagize kwa herufi. Chukua fulana inayokukaa vizuri, ilaze mezani, pima kutoka kwapa hadi kwapa, kisha kutoka bega hadi pindo. Linganisha na jedwali la toleo husika, kwa sababu M ya mchezaji na M ya shabiki si ndugu. Ruhusu tofauti ya sentimita 1 au 2, ushonaji hauna usawa kamili.

Kuhusu feki, stika ya hologramu isikutishe wala kukuridhisha, inaigwa kirahisi. Anza na lebo ya ndani, kwenye mshono wa ubavu au karibu na shingo. Mtengenezaji mkubwa huandika msimbo wa bidhaa. Nike, kwa mfano, hutumia alama sita, kistari, kisha tarakimu tatu za rangi. Uandike msimbo huo kwenye mtandao. Lazima ulete jezi hiyo hiyo, msimu huo huo, rangi hiyo hiyo. Feki nyingi hubeba msimbo mmoja kwa jezi zote, unatafuta jezi ya klabu yako unaletewa kaptula ya timu nyingine.

Halafu geuza beji. Kwenye iliyodariziwa, nyuma kunatakiwa kuwe nadhifu, nyuzi zimekatwa, na kuna kitambaa cha kushikilia kilichopunguzwa kufuata umbo la beji. Feki huacha nyuzi zinaning'inia au pande kubwa la karatasi ngumu. Linganisha pia mahali beji ilipo dhidi ya nembo ya mtengenezaji: zipo usawa mmoja, au moja imepanda? Mwisho soma maandishi ya kufua. Makosa ya tahajia kwenye lebo ni ushahidi kuliko hologramu.

Ila tukubaliane kitu kimoja: feki iliyotoka kabla ya utambulisho mara nyingi imetengenezwa kwa picha iliyovuja, kwa hiyo kosa lake lipo kwenye vitu ambavyo picha haionyeshi. Upande wa ndani, mgongo wa kola, urefu wa pindo la nyuma. Huko ndiko pa kuangalia.

Kona Fupi

Fundi umesahau kutaja kwamba boksi zima, pamoja na ubaya wake, lina afadhali moja. Herufi moja moja zilizokatwa zina kingo nyingi, na kila ukingo ni mahali pa kuanzia kubanduka. Jina refu lenye herufi nyembamba linaweza kuanza kukatika kwenye miguu ya herufi wakati boksi bado limeshika. Hivyo tusilililie sana boksi kwa sababu ya uimara. Tulililie kwa sababu ni baya.

Fundi Chapa

Kona Fupi, hapo umenipata. Herufi nene ni salama, herufi nyembamba ni balaa. Lakini boksi likibanduka linabanduka kipande kikubwa, herufi ikibanduka unapoteza herufi.

Mama Jukwaa

Kusubiri au kutosubiri kunategemea nani ana mamlaka juu ya kitu gani. Rangi, mistari na kola vimeamuliwa zaidi ya mwaka kabla ya msimu, kitambaa kimeshafumwa. Hivyo huvibadilishi hata mkiandamana uchi. Lakini kama nembo ni ya kubandikwa, hiyo ni hatua ya mwishoni kabisa, jezi ikiwa imeshashonwa. Ndiyo maana kwenye jezi nzima, kitu kinachochukiza kuliko vyote ndicho pia rahisi kuliko vyote kubadilisha kwa mzigo unaofuata.

Mifano ipo. Norwich City walitangaza mdhamini wa kamari, BK8, Juni 2021. Mashabiki walipofukua matangazo ya kampuni hiyo yaliyodhalilisha wanawake, mkataba ulivunjwa ndani ya siku chache na kampuni ya magari ya Lotus ikachukua kifua. Cardiff City walihamishwa kutoka bluu kwenda nyekundu 2012, na ilichukua mpaka Januari 2015 kurudi bluu. Pima mwenyewe: nembo siku chache, rangi zaidi ya miaka miwili. Na tahadhari: Huddersfield Town walionyesha jezi yenye jina la mdhamini limepita kifuani mpaka kiunoni kama mshipi wa miss, Julai 2019, dunia ikalipuka, kumbe ilikuwa kiki ya tangazo, jezi halisi ikatoka haina nembo kifuani. Chama cha soka cha Uingereza kiliwapiga faini ya pauni 50,000. Kwa hiyo hasira nyingine ni biashara ya mtu.

Kama mnataka kuandika barua, msiombe mdhamini aondoke, hamtasikilizwa, hizo ndizo fedha za mishahara. Ombeni nembo ya rangi moja bila boksi. Kampuni yoyote kubwa ina mwongozo wa matumizi ya nembo yake, na ndani yake kwa kawaida kuna toleo la rangi moja la kuwekwa juu ya rangi nzito. Ombi la namna hiyo halivunji mkataba wa mtu, na mdhamini mwenye akili anajua nembo inayochukiwa haimtangazi. Barua iende kabla klabu haijaagiza mzigo wa pili, sio baada ya mechi kumi.

Swali ambalo halijaulizwa ni la watoto. Uingereza, jezi za saizi za watoto haziwekwi nembo za kamari wala pombe. Zinauzwa kifua kitupu au na nembo nyingine. Klabu za Premier League zilikubaliana Aprili 2023 kuondoa kamari mbele ya jezi kabisa, mwisho ukiwa msimu wa 2025/26, ingawa mkononi iliruhusiwa kubaki. Hivyo kuulizia jezi isiyo na nembo si uchokozi. Ulizeni kama ya watoto ipo, na kama mtu mzima mwembamba anaenea saizi kubwa ya watoto, hilo ni lake na Mungu wake.

Na wale wanaosema kila jezi unayonunua inamnunua mshambuliaji: klabu hupata mrabaha, yaani asilimia ya mauzo. Bei yote ya dukani haiendi kwake. Mdhamini naye analipa kwa mkataba, jezi yako moja haimwongezei wala kumpunguzia.

Winga Teleza

Nyongeza kwa Mama Jukwaa: kusubiri hakulipi kila mara. Chelsea walianza msimu wa 2023/24 bila mdhamini kifuani, nembo ikaja ligi imeshaanza. Walionunua mapema wana jezi tupu, waliochelewa wana yenye maandishi. Kwa mtu anayechukia nembo, wa mapema ndiye alishinda. Kwa upande wako ni kinyume, boksi limeshawekwa.

Jina la mchezaji mgongoni lisubiri dirisha la usajili lifungwe. Namba hubadilishwa kuliko watu wanavyodhani. Na hakikisha kipimo: kanuni za UEFA zinataka namba ya mgongoni iwe kati ya sentimita 25 na 35, na jezi ya shabiki mtu mzima hukaribia hapo. Ukiona namba ya sentimita 20 kwenye mgongo wa mtu mzima, huenda aliyebandika alitumia seti ya watoto.

Beki Tatu

Shukrani wakuu, nasubiri mzigo wa pili. La mwisho, Fundi: utunzaji, na kama kona ya boksi ikishanyanyuka, gundi ya haraka inafaa?

Fundi Chapa

Gundi ya haraka hapana. Inakauka ngumu kama kioo, na inaweza kuacha doa jeupe kwenye kitambaa lisilotoka.

Kufua: baada ya kubandikwa jina au namba, usiiguse na maji kwa saa 24, au 48 ukijaliwa. Kisha igeuze nje ndani, maji yasizidi nyuzi 30, sabuni ya kawaida. Usiloweke usiku kucha. Dawa ya kulainisha nguo usiweke kabisa, inaacha utando kwenye uzi, kitambaa kinaacha kuvuta jasho na gundi ya nembo inalegea. Usikamue kwa kusokota hapo kifuani. Bonyeza maji yatoke. Anika kivulini. Ukikunja, usiruhusu nembo igusane na nembo, kwenye joto filamu inashikana yenyewe kwa yenyewe. Weka karatasi katikati.

Kona ikinyanyuka na ni filamu, si silikoni: ioshe sehemu hiyo, iache ikauke kabisa, kwa sababu mvuke wa maji ndio unaosukuma filamu juu. Laza jezi kwenye meza ngumu, usitumie godoro la kupigia pasi lenye sponji, mkandamizo unapotea. Funika kona kwa karatasi ya kuokea. Pasi iwe joto la wastani bila mvuke, bonyeza kwa nguvu sekunde 10, usiisogeze huku na huku, inyanyue wima. Rudia mara moja tu, kwa sababu kila joto unaloongeza linaita ile nyekundu ipande. Kisha iache na karatasi yake mpaka ipoe kabisa. Ukiivuta ikiwa moto utaibandua kwa mkono wako mwenyewe.