Msaada wa hesabu: sanduku la sm 240 kwa 120 kwa 30 linameza udongo kiasi gani?

Tumbo Joto:
Wakuu, salaam. Nimegonga sanduku la mbao la kupandia mboga. Urefu sm 240, upana sm 120, kina sm 30. Nimezidisha nikapata 864,000, nikagawa kwa 100, ikaja lita 8,640. Hivyo ni viroba 173 vya lita 50! Muuza udongo anasema tani moja inatosha. Nani kati yetu amepotea? Mzigo unaletwa Jumamosi na usingizi sina.

Fundi Kipimo:
Umepotea wewe, mkuu. Lita moja ina sentimita za ujazo 1,000, siyo 100. Jibu ni lita 864, yaani viroba 18. Udongo uliotifuliwa hushuka ukishamwagiliwa, kwa hiyo ongeza kama sehemu moja ya kumi, viwe 19 au 20.
Habari ya tani achana nayo. Udongo uleule ukinyeshewa unaongezeka kilo, sanduku lako liko palepale. Utakuwa unalipia maji.

Bi Mchicha:
Mimi nakujibu ambalo hujauliza: usijaze udongo mtupu! Changanya na mboji iliyoiva. Halafu jua kwamba ndoo kumi za udongo na kumi za mboji hazitoi ndoo ishirini. Chembe ndogo zinaingia kwenye nafasi za kubwa, ujazo unapungua. Changanya kwanza ndipo upime.

Mtoro wa Hesabu:
Afadhali wewe una pembe nne. Shemeji yangu alikata pipa, kwenye hesabu ya duara akaweka kipenyo chote badala ya nusu yake. Udongo ukaja mara nne ya uliotakiwa. Rundo lilikaa pale mlangoni mpaka likaota majani lenyewe, na yalistawi kuliko aliyopanda kwenye pipa. Dada yangu hadi leo akitaka kumnyamazisha anataja pipa.

Mzee wa Kijiweni:
Vijana mnapenda kujisumbua. Sisi tulishika jembe tukalima chini, hakuna aliyeuliza ardhi ina lita ngapi. Siku hizi mpaka mchicha unapigiwa hesabu.

Fundi Kipimo:
Mzee anatania ila kuna jambo hapo. Tumbo Joto, chini ya sanduku pana nini? Kama ni ardhi, itifue tu, mizizi itashuka yenyewe na huhitaji kujaza sm 30 zote.

Tumbo Joto:
Pana sakafu. Turudi kwenye viroba: 19 au 20?

Fundi Kipimo:
Sakafu ya wapi?

Tumbo Joto:
Ya roshani.

Bi Mchicha:
Roshani ya ghorofa ya ngapi, mwanangu?

Tumbo Joto:
Ya tatu. Lakini ni zege, jamani, siyo mbao! Na sanduku nimeshaligonga humohumo ndani ya roshani, mlangoni halipiti tena. Nilijua mtaanza haya ndiyo maana sikusema.

Fundi Kipimo:
Basi suala la lita limekwisha, sasa ni kilo. Udongo wa bustani uliolowa una kama kilo moja na nusu kwa lita. Lita 864 ni karibu kilo 1,300, na sanduku lako limekalia mita za mraba 2.88. Hizo ni kilo 450 kwa kila mita ya mraba. Sakafu za vyumba vya kuishi kwa kawaida husanifiwa kwa kilo 150 hadi 200. Roshani mara nyingi hupewa zaidi, ila mzigo kama huo wa kukaa usiku na mchana hauwekwi bila kumuuliza mhandisi. Mwenye nyumba anajua?

Tumbo Joto:
Ataona mboga zikishaota. Nikimwambia sasa atakataa.

Macho Makavu:
Wakuu, hii chai. Wewe, roshani yako ina upana gani?

Tumbo Joto:
Sm 150 hivi.

Macho Makavu:
Sanduku sm 120. Zinabaki 30. Unapita kama karatasi? Na mlango unafungukia wapi? Huyu ni muuza udongo, subirini kesho alete uzi wa "nauza viroba 20, havijaguswa".

Tumbo Joto:
Mlango ni wa kusukuma pembeni! Na ningekuwa muuza udongo ningejua lita ina sentimita ngapi.

Bi Mchicha:
Wa kwangu anauza miaka yote na hajui.

Mtoro wa Hesabu:
Picha! Weka picha ya sanduku na kidole kikionekana.

Tumbo Joto:
Simu yangu kamera imeharibika.

Macho Makavu:
😂😂 Nimemaliza.

Fundi Kipimo:
Iwe kweli, iwe chai, kuna mtu mwingine atasoma akiwa na roshani ya kweli. Chukua ndoo ya lita 20, ijaze mchanganyiko wako, mwagilia mpaka ichuruzike, pima kwenye mizani, toa uzito wa ndoo, gawanya kwa 20. Hapo una kilo kwa lita. Mboga za majani zinaridhika na kina cha sm 15, ambacho ni lita 432, nusu ya mzigo. Mchanganyiko wenye nyuzi za nazi ni mwepesi zaidi. Bado utamuuliza mwenye nyumba.

Tumbo Joto:
Na nikiacha sm 30 ila nimwagilie kidogokidogo?

Bi Mchicha:
Mvua nayo utaiambia inyeshe kidogokidogo?

Tumbo Joto:
Sawa. Jumamosi nitawaambia washushe getini kwanza.

Fundi Kipimo:
Na wapime kwa ndoo ya kukwangua juu, siyo ya kurundika.